Kanda Mama: Salt-N-Pepa Kama Nilivyowasikia Isiolo

Kabla basi la Nairobi halijaondoka Isiolo, abiria hungoja maziwa. Mitungi ya plastiki ya manjano huletwa kwa mikokoteni na pikipiki, hupangwa kwenye buti hadi buti ijae, na iliyobaki hupandishwa juu kwenye keria. Ni maziwa ya ngamia. Yamekamuliwa malishoni, yamepoozwa mjini, na yanakwenda kunywewa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, karibu kilomita 285 kusini. Biashara hii ni ya akina mama. Vijana huchunga na dereva huendesha, lakini hesabu ya lita na ya shilingi imo katika madaftari ya wanawake, na ushirika wao unaojulikana zaidi, Anolei, umelifanya jina la mji wetu lisikike mbali.

Basi hilo halirudi tupu. Hurudi na nguo, viatu, simu, vipuri. Mwaka 1994 lilituletea kaseti. Binamu yangu alikuwa utingo, na kila aliposhuka Eastleigh alirudi na kitu mfukoni kwa ajili yetu wasichana wa nyumbani. Safari hiyo alitoa kaseti iliyokuwa nakala ya nakala. Juu yake palikuwa na herufi tatu za kalamu ya wino, S, N na P, na sauti ilitetemeka kila betri zilipolegea.

Isiolo ya wakati huo ilikuwa mwisho wa lami. Ukivuka kizuizi cha polisi kaskazini mwa mji, safari ya Marsabit na Moyale ilikuwa ya mawe na vumbi, kwenye malori yaliyobeba ng'ombe chini na watu juu. Redio ilikuwa KBC. Stesheni za FM za watu binafsi zilianza Nairobi mwaka 1996, na hata hapo mawimbi yake hayakutufikia. Kilichotufikia ni kaseti.

Albamu ilikuwa Very Necessary ya Salt-N-Pepa, kundi la wanawake wa hip-hop, iliyotoka Marekani Oktoba 1993. Tuliisikiliza wasichana watano katika chumba kimoja mtaani Bulapesa, mlango umerudishwa, sauti iko chini. Kiingereza cha Queens, New York, kilitupita kasi, kwa hiyo hatukushika maneno mwanzoni. Tulishika namna walivyopokezana. Mmoja hajamaliza pumzi, mwenzake keshaidaka. Anaanza sentensi huyu, anaikata yule, wanaimaliza pamoja na kucheka. Hivyo ndivyo mama zetu walivyozungumza jikoni, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kupigiwa ngoma na kuuzwa dunia nzima.

Ayeeyo, yaani nyanya yangu, ndiye aliyefungua mlango. Tulidhani atazima deki. Aliketi mkekani, akasikiliza upande mzima, kisha akauliza swali moja: maneno haya kayatunga nani?

Kwa mtu asiyetoka kwetu swali hilo laweza kuonekana dogo. Katika ushairi wa Kisomali ni swali la sheria. Anayeghani shairi la mwingine hana budi kumtaja mtunzi wake, na hana ruhusa ya kuyapinda maneno. Shairi lilisafiri miaka na miaka kwa midomo ya watu, bila karatasi, na bado jina la mwenyewe lilifika pamoja nalo. Wanawake wana utanzu wao, buraanbur, unaoghaniwa harusini na penye jambo zito. Mmoja husimama katikati, wengine humzunguka kwa makofi na ngoma, na maneno hutoka kwa mapigo yanayohesabika. Ayeeyo alikuwa amesikia na kutunga buraanbur tangu usichana wake. Alipowasikia wale wanawake wa New York hakushangaa hata kidogo kwamba wanawake wanasimama na kughani. Alitaka kujua mwenye maneno ni nani.

Binamu akajibu haraka kwamba ni hao hao wanaoimba. Nilimwamini. Miaka mingi baadaye nilipoifuatilia historia ya kundi hili niligundua kwamba jibu lake lilikuwa nusu ya kweli, na kwamba safari nzima ya Salt-N-Pepa, kuanzia 1985 hadi leo, inazunguka juu ya swali la ayeeyo.

Mwaka 1985 Cheryl James na Sandra Denton walikuwa wanafunzi wa Queensborough Community College, New York, na vibarua wa duka kubwa la Sears, wakipiga simu kwa wateja. Cheryl alitoka Brooklyn. Sandra alizaliwa Kingston, Jamaika, akaletwa Marekani akiwa mtoto. Kazini hapo alikuwapo pia kijana aliyezaliwa Haiti, Hurby Azor, ambaye wakati huo alikuwa mpenzi wa Cheryl. Azor alikuwa akisomea mambo ya kurekodi, na chuo chake kilimtaka awasilishe kazi ya studio. Akawachukua hao wawili, akawaandikia mashairi, akawafundisha namna ya kuyafoka.

Alichowaandikia kilikuwa jibu. Doug E. Fresh na Slick Rick walikuwa wametoka na The Show, kibao kilichokuwa kikivuma kila pembe ya jiji, na wasichana hao wakajibu kwa The Showstopper. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa desturi hii. Malumbano ya washairi ni ya kale Lamu na Mombasa, na taarabu bila majibizano haijakolea. Walijiita Super Nature. Lakini ndani ya wimbo walikuwa wamejifananisha na chumvi na pilipili, na watu wakawa wanauliza redioni wimbo wa wale chumvi na pilipili. Wasikilizaji ndio waliowapa jina. Cheryl akawa Salt, Sandra akawa Pepa.

Hawakuwa wa kwanza, na haki lazima itendeke hapa. Sha-Rock alikuwa ameshasimama na Funky 4 + 1 huko Bronx tangu mwanzo kabisa wa hip-hop. Mwaka 1979 wasichana watatu kutoka Columbia, South Carolina, walirekodi Funk You Up kwa jina la The Sequence. Mmoja wao, Angie Stone, alikuja kuwa mwimbaji mkubwa wa soul na akafariki mwaka 2025. Roxanne Shanté alikuwa na miaka 14 tu alipotikisa New York mwaka 1984. Hawa walilima shamba. Tofauti ya Salt-N-Pepa ni kwamba kampuni na redio zilishindwa kuwafanya kioja cha msimu mmoja. Albamu yao ya kwanza, Hot, Cool & Vicious, ilitoka Desemba 1986 na ikavuka nakala milioni moja Marekani, jambo ambalo hakuna kundi la wanawake wa hip-hop lililokuwa limelifikia.

Wimbo uliowafikisha huko ulikuwa umetupwa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa Tramp. Push It iliwekwa nyuma kujaza nafasi. Dijei mmoja wa San Francisco, Cameron Paul, akaugeuza, akauchanganya upya, na kufikia mwanzoni mwa 1988 ulikuwa nafasi ya 19 katika chati ya Marekani. Tarehe 11 Juni mwaka huohuo walipanda jukwaa la Wembley, London, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, aliyekuwa bado kifungoni. Tamasha lilirushwa katika nchi 67. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya pili Uingereza. Kwa kusema kweli, Push It si wimbo wao ninaoupenda zaidi. Maneno yake ni machache na mdundo ndio unaofanya kazi yote. Lakini nikiwafikiria wanawake watatu weusi katika majaketi yao mapana, wakiruka mbele ya uwanja uliojaa kwa heshima ya mfungwa wa Kiafrika, nausamehe kila kitu.

Watatu, maana dijei wao alikuwa mwanamke pia. Wa kwanza, Latoya Hanson, aliondoka mapema. Mwaka 1987 nafasi yake ikachukuliwa na Deidra Roper, msichana wa miaka 16 kutoka Brooklyn, wakambandika jina lilelile alilokuwa nalo Hanson, Spinderella. Jambo hili halijasifiwa vya kutosha. Wanawake wengi wa hip-hop wamepewa maikrofoni huku mashine, santuri na vifungo vya sauti vikibaki kwa mwanamume aliyesimama nyuma. Ukiwatazama Salt-N-Pepa jukwaani hukumwona mwanamume aliyeshika usukani.

Na mitindo yao! Nywele za Pepa, fupi upande mmoja na ndefu upande wa pili, zilianza kwa ajali: dada yake alikuwa akijifunza ususi, akaiacha dawa ya kulainisha nywele ikae kichwani kupita kiasi, ikaunguza upande. Walichoweza kufanya ni kunyoa kilichoungua. Mwaka uliofuata wasichana wa Marekani walikuwa wakilipa fedha wanyolewe vilevile. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha saluni ya mtaani, ngozi ikiwaka moto na msusi akizungumza na jirani, anayajua maumivu yaliyozaa mtindo huo.

Turudi kwa swali la ayeeyo. Katika miaka hiyo ya mwanzo maneno mengi yalikuwa ya Hurby Azor. Yeye aliandika, yeye alitayarisha, yeye aliamua wimbo upi utoke. Hata mkataba ulipitia kwake: mwaka 1986 wanawake hao walisaini na kampuni yake ya utayarishaji, nayo kampuni hiyo ikasaini na Next Plateau, iliyotoa rekodi. Simkosoi bila kumshukuru. Bila masikio yake pengine Cheryl na Sandra wangeendelea kupiga simu Sears. Lakini kuna wakati mwanafunzi anataka kushika kalamu.

Wakati huo ulikuwa 1990, albamu ya Blacks' Magic, na wimbo ulikuwa Expression. Salt aliuandika na kuutayarisha mwenyewe. Ni wimbo wa mtu kujieleza alivyo bila kuomba ruhusa, na ulikaa kileleni mwa chati ya rap ya Marekani kwa wiki nane. Nikiwa na kanda zao zote mezani na nikaambiwa nichague moja ya kuokoa nyumba ikiungua, nitachukua hii. Unasikia sauti ya mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyokuwa akiishi kama mpangaji anaweza kuijenga mwenyewe. Tangu hapo mizani ilibadilika. Shoop, kibao kikubwa cha ile kaseti yetu ya Bulapesa, kilisukumwa na Pepa na kutayarishwa bila mkono wa Azor, na kikafika nafasi ya nne Marekani.

Ndani ya Blacks' Magic kulikuwa pia na Let's Talk About Sex, wimbo ambao kichwa chake tu kilitosha kuufanya uzimwe katika nyumba nyingi, yetu ikiwa mojawapo. Ulisambaa dunia nzima mwaka 1991. Novemba mwaka huo mchezaji wa mpira wa kikapu Magic Johnson alitangaza kwamba ana virusi vya ukimwi, na Marekani ikaamka. Peter Jennings wa televisheni ya ABC alikuwa akiandaa kipindi kuhusu ukimwi kwa ajili ya vijana, akawaomba waubadilishe wimbo huo. Mwaka 1992 wakatoka na Let's Talk About AIDS, mdundo uleule, mashairi mapya: namna virusi vinavyoambukizwa, namna visivyoambukizwa, na kwa nini mgonjwa asitengwe. Walikuwa kwenye kilele cha biashara yao na wangeweza kukataa bila mtu kuwalaumu.

Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu hili ndilo lililotufikia Isiolo likiwa na uzito kuliko tuzo zote. Mji wetu ni mji wa malori. Madereva wa Moyale hulala hapa, wanajeshi wana kambi hapa, wafanyabiashara wa mifugo hukutana hapa wakiwa na fedha taslimu. Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984, na Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 15 ya kunong'ona. Mtaani kwetu ugonjwa haukuwa na jina. Watu walisema amekonda, walisema ni kifua, walisema ule ugonjwa, wakanyamaza mtoto alipoingia.

Mwisho kabisa wa Very Necessary hakuna wimbo. Kuna igizo fupi, I've Got AIDS, la vijana wa kikundi cha Boston kiitwacho WEATOC: msichana anamweleza mpenzi wake majibu ya hospitali. Tulidhani ni makosa ya aliyenakili, kwamba kipande cha mchezo wa redio kimeingia kwenye kaseti. Tuliirudisha nyuma, tukasikiliza tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mmoja wetu alijua maana ya neno lile la herufi nne na akatueleza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, yale ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kutuambia. Mwalimu wetu wa kwanza wa jambo hilo alikuwa kaseti ya magendo iliyosafiri kando ya mitungi ya maziwa.

Albamu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni tano Marekani. Whatta Man, waliyoimba na En Vogue, ilifika nafasi ya tatu. Machi 1995, None of Your Business ikawapa tuzo ya Grammy ya kundi bora la rap, na usiku uleule Queen Latifah akachukua ya msanii binafsi. Hakuna kundi la wanawake watupu wa hip-hop lililokuwa limepata Grammy kabla ya usiku huo. Na miaka sita tu nyuma, mwaka 1989, tuzo ya rap ilipoanzishwa, waandaaji walikataa kuionyesha kwenye televisheni. Salt-N-Pepa, waliokuwa wameteuliwa kwa Push It, wakasusia hafla pamoja na wasanii wengine. Walikataa kuingia kupitia mlango wa nyuma, wakarudi kupitia wa mbele.

Na huku kwetu? Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilipata sauti yake ya kike. Nazizi Hirji alitoka na Ni Sawa Tu akiwa kijana mdogo, na mwaka 2000 akawa nguzo ya Necessary Noize pamoja na Wyre na Bamzigi. Bamzigi alipoondoka, wawili waliobaki waliendelea hadi albamu yao ya 2004, Kenyan Gal, Kenyan Boy, kisha wakaungana na Bebe Cool wa Uganda kuunda East African Bashment Crew. Kenya ilimwita Nazizi mama wa kwanza wa hip-hop, na jina hilo alilistahili. Hakuna aliyeweza kusema anabebwa na wanaume wa kundi lake. Mara nyingi yeye ndiye aliyelibeba.

Dar es Salaam walikuwapo Zay B na Sista P, ambao mashabiki na magazeti waliwashindanisha kana kwamba bongo fleva ina kiti kimoja tu cha mwanamke. Walikuwapo Rah P, na Witnesz aliyeibuka mwaka 2004 katika shindano la Coca-Cola Popstars kama mmoja wa kundi la Wakilisha, akiwa na Shaa na marehemu Langa. Stella Mwangi, STL, alihamia Norwei na wazazi wake mwaka 1991, na miaka 20 baadaye akaiwakilisha nchi hiyo kwenye Eurovision kwa Haba Haba, wimbo wenye methali ya Kiswahili mdomoni mwa Ulaya nzima. Leo Femi One anajaza kumbi.

Ukiwapanga hawa utaona kitu. Karibu wote walisimama mmoja mmoja, kila mmoja amezungukwa na wanaume, akilazimika kuwa bora kuliko wao ili aonekane sawa nao. Kundi la wanawake watupu wa hip-hop, na dijei wao wa kike, limebaki adimu katika eneo letu, na nadhani tumepoteza kitu kikubwa. Msichana anayerap peke yake hushindana. Wasichana watatu wakirap pamoja huzungumza, na yale mazungumzo ya kupokezana, ya kukatizana na kumaliziana, ndiyo yaliyotufanya tuurudishe mlango pale Bulapesa. Harusi za Isiolo zina wanawake kumi wanaoweza hilo usiku wowote. Studio hazijawahi kuwatafuta.

Mwisho wa Salt-N-Pepa haukuwa mtamu. Albamu ya Brand New, mwaka 1997, ilitoka kwa kampuni iliyokuwa ikiporomoka na haikupata msukumo. Salt alikuwa amechoka mwili na roho, akipambana na maradhi ya ulaji na kuitafuta imani yake. Mwaka 2002 kundi likavunjika. Walirudiana, wakaonyesha kurudiana kwao katika kipindi cha televisheni cha VH1 kuanzia 2007, wakarudi majukwaani. Kisha mwaka 2019 Spinderella alitangaza kwamba ameondolewa, na akawashtaki wenzake kortini kuhusu fedha na matumizi ya jina. Habari hiyo iliniuma kama habari ya ukoo. Wanawake waliotufundisha kupokezana walikuwa wamenyang'anyana. Ninaweza kueleza sababu za kibiashara, lakini sioni haja ya kuipamba: msichana aliyeingia akiwa na miaka 16 alistahili zaidi.

Heshima zilikuja kwa wingi baadaye. Grammy ya mchango wa maisha yote mwaka 2021. Nyota kwenye barabara ya Hollywood Novemba 2022. Mwaka 2025 waliingia Rock and Roll Hall of Fame kwa tuzo ya ushawishi katika muziki, na Spinderella alitambuliwa pamoja nao.

Lakini walipopanda jukwaa hilo walikuwa na jambo la kusema, kwa sababu wakati wanapigiwa makofi, nyimbo zao kadhaa zilizovuma hazikuwa zikipatikana kwenye huduma za kusikilizia muziki mtandaoni Marekani. Mei mwaka huo walikuwa wameishtaki Universal Music Group, kampuni kubwa inayoshikilia rekodi zao. Shauri lilihusu kanda mama, yaani ile rekodi ya kwanza ya studio ambamo nakala zote huzaliwa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inampa mtunzi nafasi ya kuidai kazi yake baada ya miaka 35. Kundi lilisema miaka imetimia. Kampuni ilijibu kwamba wanawake hao hawakuwahi kuzimiliki kanda hizo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mkataba wa 1986 uliziweka mikononi mwa kampuni ya utayarishaji, na mtu hawezi kudai kurudishiwa kisichokuwa chake.

Huku kwetu kuna wafugaji wanaoielewa kesi hii kuliko mawakili. Wagabra wana desturi iitwayo dabare. Mwenye ngamia wengi humkabidhi mwenzake ngamia jike. Aliyekabidhiwa anamchunga, anamnywesha, anamlinda na fisi, na maziwa ni yake. Lakini ngamia si wake, na majike wanaozaliwa si wake, wala majike wa majike hao. Anaweza kuchunga ukoo mzima wa ngamia kwa miaka 30, akizeeka nao, na chapa iliyo kwenye ngozi zao ikawa ya nyumba nyingine. Desturi hiyo ina heshima yake: imewaokoa wengi wakati wa ukame, na pande zote mbili hujua tangu mwanzo nani ana nini, mbele ya wazee. Sidhani kwamba wasichana wawili wa New York, mmoja na kalamu mkononi na mwingine akichungulia begani kwake, walielezwa hivyo mwaka 1986.

Wasanii wa Kenya wamelalamikia mgao wa mirabaha miaka nenda miaka rudi, na vijana wa Isiolo wanaorekodi leo kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Sheng katika vyumba vidogo vya studio husaini karatasi ambazo hazijasomwa na mtu wa tatu. Nimewahi kukaa na mmoja wao, msichana wa sekondari mwenye mistari mikali, nikamuuliza rekodi zake ziko wapi. Ziko kwenye kompyuta ya prodyuza. Nikamuuliza kama ana nakala. Akaniambia anazo kwenye simu, alizotumiwa kwa WhatsApp.

Ayeeyo alifariki bila kupata jibu kamili la swali lake. Ningeweza kumjibu sasa: nyingine alizitunga Hurby, nyingine Salt, nyingine Pepa, Push It ni ya mikono mingi, na ukitaka kujua nani mwenye sauti zenyewe, ayeeyo, tafuta hakimu.

Juzi nilikuwa stendi alfajiri, basi la Nairobi linaingia. Utingo alianza kushusha mitungi mitupu kutoka keria, mingine akiirusha, mingine akiidaka mwenzake chini. Kila mtungi una alama: kitambaa chekundu kilichofungwa mkononi mwa mtungi, herufi za rangi ya mafuta, mchoro wa chapa ya ngamia uliochomwa kwenye plastiki kwa msumari wa moto. Akina mama hawakuuliza wala hawakupigana vikumbo. Kila mmoja alitembea moja kwa moja hadi kwenye wake, akaunusa ndani kuona kama umeoshwa, akaondoka nao.